Neno Kainanga na Asili ya Ufalme Visiwani Hawaii

Kisiwa cha Tikopia ni kidogo mno. Kiko peke yake katika bahari ya Pasifiki, upande wa mashariki ya Visiwa vya Solomoni, na eneo lake lote ni kiasi cha kilomita tano tu za mraba. Mwaka 1928 mtaalamu Raymond Firth, mzaliwa wa New Zealand, alishuka katika pwani ya kisiwa hicho akakaa mwaka mzima na wenyeji wake, ambao idadi yao ilizidi kidogo 1,200. Aliwakuta wamegawanyika katika koo nne, na kila ukoo una mkuu wake. Mkuu huitwa ariki. Ukoo huitwa kainanga. Ariki wa Tikopia alikuwa na heshima kubwa. Watu waliinama mbele yake, na ibada za kuiombea ardhi rutuba ziliongozwa naye. Walakini alikwenda shambani kama wengine, akapanda magimbi kwa mikono yake mwenyewe, na watu waliomwinamia walijihesabu kuwa ni jamaa zake. Alikuwa mkubwa kwa sababu alikuwa mkubwa wao.

Sasa tulichukue neno hilo hilo tuvuke nalo bahari kwa kiasi cha kilomita 5,000 kuelekea kaskazini mashariki, mpaka Visiwa vya Hawaii. Lugha ya huko ni ndugu ya lugha ya Tikopia, ila sauti zake zimebadilika kwa kanuni. T ya zamani imekuwa k. K ya zamani imedhoofika ikawa kikwamizo kidogo cha koo, ambacho siku hizi huandikwa kwa alama ya juu. Na ile ng, ambayo hutamkwa kama ng' yetu ya ng'ombe, imekuwa n. Kwa hiyo ariki wa zamani ni ali'i wa Hawaii, na mata-kainanga ya zamani, maana yake watu wa ukoo wenye ardhi yao, ni maka'āinana. Mtu ajuaye kanuni hizo hawezi kukosea: maneno ni yale yale. Lakini maana siyo ile. Huko Hawaii, Wazungu walipofika katika karne ya kumi na nane, maka'āinana hawakuwa ukoo wa mtu yeyote. Neno lilikuwa jina la watu wa chini, wakulima na wavuvi wote wasio na cheo, waliokaa katika ardhi ya wengine na kuilipia kwa mazao na kazi.

Katika insha hii nataka kufuata safari ya neno hilo, maana naona kwamba ndani yake mna habari ya jambo ambalo wanahistoria wamelitafuta kwa jembe na koleo katika visiwa vingi duniani: ni wakati gani, na kwa njia gani, jamii ya watu wa damu moja hugeuka ikawa dola yenye watawala na watawaliwa.

Mababu wa watu wa Tikopia na wa Hawaii walikuwa kundi moja. Walikuwa mabaharia na wafinyanzi, na vyungu vyao vyenye nakshi zilizogongwa kwa kifaa chenye meno vimepewa jina la Lapita. Vyungu hivyo huonekana katika visiwa vya Bismarck, karibu na New Guinea, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Kristo, na kufika mwaka 800 K.K. hivi wenyewe walikuwa wamekwisha kuweka makazi Tonga na Samoa. Lugha yao ilikuwa ya jamii ile kubwa ambayo tawi lake jingine, kwa njia ya bahari ya Hindi, lilifika Madagaska. Na ngalawa zetu za pwani, zilizo na mirengu pande zote mbili, wataalamu wengi huzihusisha na mabaharia wa jamii hiyo. Baada ya kukaa Tonga na Samoa muda wa karne nyingi, baadhi ya wajukuu wao walitweka tanga tena wakaenda mashariki, na kutoka huko kaskazini na kusini. Hawaii ilipata watu wake wa kwanza kati ya mwaka 1000 na 1200 B.K., yaani katika zama ambazo Kilwa ilikuwa mji wenye msikiti wa mawe.

Mwaka 2001 Patrick Kirch na Roger Green walitoa kitabu ambamo walilinganisha maneno ya lugha hizo zote pamoja na vitu vilivyofukuliwa ardhini, ili wajue jamii ya mababu ilikuwaje. Walipata neno la mkuu wa kurithi, neno la fundi, neno la uwanja wa ibada mbele ya nyumba ya ukoo. Cheo kilikuwapo. Hawakuwa watu walio sawa kabisa, kama wengine wapendavyo kuwaza juu ya watu wa kale. Lakini hawakuwa na neno la mtu asiye na ukoo. Basi cheo ni cha zamani kuliko utawala, na hilo ni jambo la kushikwa vizuri, kwa kuwa watu wengi huyachanganya mambo hayo mawili.

Wahamiaji waliofika Hawaii walikuta nchi pana. Visiwa vikubwa ni vinane, na kimoja peke yake, kile kiitwacho Hawai'i, kina ukubwa wa zaidi ya mara sita ya Unguja. Walileta magimbi, migomba, mishelisheli, nguruwe, mbwa na kuku. Walipanda pia viazi vitamu, zao la Amerika ya Kusini, ambalo mabaharia wa Polynesia walilipata karne nyingi kabla ya Mzungu kuijua bahari ile. Hawakuwa na chuma, wala mnyama wa kubeba mizigo, wala maandishi. Kwa muda fulani mitumbwi ya safari iliendelea kwenda na kurudi kati ya Hawaii na visiwa vya Tahiti, zaidi ya kilomita 4,000. Kisha, kufika mwaka 1400 hivi, safari zikakoma. Watu wa Hawaii walibaki peke yao mpaka Januari 1778, merikebu za James Cook zilipotokea. Hii ndiyo sababu visiwa hivyo vina thamani kubwa kwa mwanahistoria. Lolote lililozuka huko katika karne hizo nne halikuletwa na jirani, wala halikuigwa kutoka Misri au Uchina.

Na lililozuka si dogo. Luteni James King, aliyekuwa katika safari ya Cook, alikadiria wakazi wa visiwa vyote kuwa 400,000. Juu yao walikuwa wakuu wa daraja nyingi, na wale wa daraja ya juu kabisa walihesabiwa kuwa wana wa miungu. Mkuu wa namna hiyo alipopita, watu walilala kifudifudi, na aliyekawia kulala aliweza kuuawa. Damu yake ilikuwa haina mwenzi wa kulingana nayo ila damu ya dada yake. Kwa hiyo ndoa ya kaka na dada, ambayo kwa mtu wa chini ingekuwa aibu, kwake ilikuwa utukufu, na mtoto wa ndoa hiyo alimzidi cheo hata baba yake. Mwezi wa Januari 1779 Kalani'ōpu'u, mfalme wa kisiwa cha Hawai'i, alimvika Cook joho lake la manyoya mekundu na ya manjano, lililoshonwa kwa manyoya ya ndege wadogo wasiohesabika. Majuma machache baadaye, tarehe 14 Februari, Cook aliuawa katika ghuba ya Kealakekua alipojaribu kumkamata mfalme huyo huyo. Joho lilizunguka Ulaya na New Zealand, na halikurudi Honolulu mpaka mwaka 2016, kwanza kwa mkopo, kisha mwaka 2020 likatolewa moja kwa moja.

Ardhi nayo ilikuwa imekatwa vipande. Kila kisiwa kiligawanywa katika wilaya, na kila wilaya katika mitaa iitwayo ahupua'a, iliyoanzia milimani ikateremka mpaka pwani, hata kila mtaa ukapata msitu wake, mashamba yake na sehemu yake ya bahari. Juu ya mtaa palikuwa na ali'i aliyepewa na mfalme, na chini yake mnyapara aitwaye konohiki, aliyesimamia kazi na kukusanya mazao. Mfalme akifa au akishindwa vitani, aliyemfuata aligawa ardhi upya kwa watu wake. Mkulima aghalabu aliachwa mahali pake, kwa maana shamba bila mkulima halina faida. Lakini aliachwa kama mti uachwavyo shambani.

Ni nini kilicholeta hayo? Jibu lililopendwa zamani lilikuwa maji. Karl Wittfogel, katika kitabu chake cha mwaka 1957 juu ya udhalimu wa mashariki, alidai kwamba kilimo cha kumwagilia hutaka mifereji mikubwa, mifereji mikubwa hutaka msimamizi mkuu, na msimamizi huyo ndiye mfalme. Hawaii aliiingiza katika hesabu hiyo. Hoja hii ni nzuri kuisikia. Timothy Earle alikwenda kuipima katika wilaya ya Halele'a, kisiwani Kaua'i, akatoa matokeo mwaka 1978. Mifereji aliyoichunguza ilikuwa mifupi, mingi haikutoka nje ya mtaa mmoja, na wakulima wachache wa jirani waliweza kuichimba na kuitunza bila kuamriwa na mtu. Mfalme hakuwa na haja ya kuwapo ili maji yatiririke.

Tena kuna jambo ambalo nadharia ya maji haiwezi kulieleza kabisa. Visiwa vya magharibi, Kaua'i na O'ahu, ni vikongwe. Mvua na mito imevichonga mabonde, na humo magimbi hukua katika vijaruba vya maji na kuzaa kwa uhakika mwaka baada ya mwaka. Visiwa vya mashariki, Maui na Hawai'i, ni vichanga. Sehemu kubwa ni mawe ya volkano yasiyo na mito, na watu waliishi kwa viazi vitamu na magimbi ya mvua. Kama maji ndiyo yazaayo wafalme, basi wafalme wakali wangetoka magharibi. Lakini walitoka mashariki. Ni wafalme wa Maui na Hawai'i waliozidiana kwa vita, waliojenga mahekalu makubwa ya mungu wa vita Kū ambamo binadamu walitolewa kafara, na mwisho wake ni Kamehameha wa Hawai'i aliyeshinda Nu'uanu, O'ahu, mwaka 1795, akavipata visiwa vyote mwaka 1810.

Katika mteremko wa Kohala, kaskazini ya kisiwa cha Hawai'i, bado huonekana kuta ndogo za mawe na udongo zilizopanga mashamba juu ya eneo la kilomita 60 hivi za mraba. Wataalamu wamezifuata kuta hizo moja moja na kuona zipi zimejengwa juu ya zipi, na hivyo kujua zipi ni za mwanzo. Mashamba ya kwanza, tangu karne ya kumi na tano, yalikuwa mapana. Kisha yakagawanywa, na yaliyogawanywa yakagawanywa tena, na njia za miguu zikaongezwa kati yake. Mkanda wenyewe ni mwembamba: juu yake mvua ni nyingi mno, imeosha rutuba yote, chini yake ni jangwa. Watu waliongezeka ndani ya mkanda huo usioweza kuongezeka. Mwaka wa mvua njema shamba la viazi hutoa ziada kubwa. Mwaka wa kiangazi halitoi kitu, ila konohiki huja vile vile. Mtawala wa nchi kama hiyo yu katika mashaka ambayo mwenzake wa Kaua'i hayajui: ana watu wengi wa kulisha na kuwatawala, na ghala yake hutegemea mawingu. Kwa maoni yangu hapa ndipo palipo chemchemi ya vita vile. Bonde la jirani lenye magimbi ya maji lilikuwa ndiyo ghala isiyokauka, na aliyetaka kulitwaa alihitaji askari, na askari walihitaji kulishwa, na kulishwa kwao kulitaka mkulima akamuliwe zaidi.

Masimulizi ya wenyeji yanakubaliana na hayo. Waandishi wa Hawaii wenyewe, David Malo na Samuel Kamakau, waliandika katika karne ya kumi na tisa habari walizozipokea kwa wazee: jinsi Mā'ilikūkahi alivyopima na kugawa ardhi ya O'ahu, jinsi 'Umi, mwana wa Līloa, alivyomwua ndugu yake Hākau na kuunganisha kisiwa cha Hawai'i, jinsi Pi'ilani alivyotawala Maui, na mwanawe Kiha akaunyang'anya utawala kwa msaada wa 'Umi. Ukihesabu vizazi katika nasaba zao, na kukipa kila kizazi miaka 20, wakuu hao huangukia katika karne za kumi na tano na kumi na sita. Wataalamu wengi wa zamani walizitilia shaka hesabu hizo, kwa desturi yao ya kudharau neno lisiloandikwa. Sisi ambao historia yetu nyingi imehifadhiwa vinywani tuna sababu ya kutazama kwa makini yaliyofuata.

Katika Kahikinui, upande mkavu wa Maui, mahekalu ya mawe yamesimama kwa wingi, na watu wa kale walikuwa wakiweka juu yake matawi ya matumbawe mabichi kutoka baharini kama sadaka. Tumbawe lililo hai hunywa urani iliyomo katika maji ya bahari. Likifa, urani hiyo hugeuka polepole ikawa thori, kwa mwendo unaojulikana. Kwa hiyo tawi la tumbawe ni saa, nayo hukosea kwa miaka michache tu, ilhali makaa ya kuni hukosea kwa karne. Mwaka 2005 Kirch na Warren Sharp walitangaza kwamba matumbawe ya mahekalu waliyoyapima yalitolewa baharini kati ya mwaka 1580 na 1640 hivi. Uchunguzi mpana zaidi wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba ujenzi uliendelea na baada ya hapo, lakini mwanzo wake ulikuwa wa ghafula vile vile. Hizo ni zama za ukoo wa Pi'ilani na warithi wake. Wazee hawakukosea.

Hapa inafaa nitoe tahadhari, kwa sababu wapo waonao jengo kubwa wakamwona papo hapo mfalme nyuma yake. Visiwa vya Malta, katika bahari ya Mediteranea, vyote pamoja ni kama theluthi moja ya Pemba. Huko mahekalu ya Ġgantija yalijengwa kiasi cha mwaka 3600 K.K., miaka elfu moja kabla ya piramidi za Giza, kwa mawe ambayo baadhi yake yana uzito wa tani nyingi. Colin Renfrew, mwaka 1973, alifikiri kwamba kila kundi la mahekalu lilikuwa na jumbe wake. Lakini jumbe huyo hajaonekana. Katika makaburi ya chini ya ardhi ya Ħal Saflieni, yaliyogunduliwa mwaka 1902, mifupa iliyokadiriwa kuwa ya watu 7,000 ilichanganywa pamoja. Na katika makaburi ya Xagħra, yaliyofukuliwa kati ya mwaka 1987 na 1994, wafu walilazwa pamoja kizazi juu ya kizazi, bila kaburi lililotukuzwa kuliko mengine. Hapana kasri. Kwa karne zaidi ya kumi watu wa Malta waliinua mawe makubwa, nami naona waliyainua kwa ujima, hata jamii yao ikaisha bila kupata mfalme. Jiwe kubwa huonyesha kwamba watu wengi walishirikiana. Halionyeshi kama waliitwa au waliamriwa.

Hawaii ni tofauti kwa sababu mashahidi ni wengi, nao hawakupatana kabla ya kusema: kuta za Kohala, matumbawe ya Kahikinui, nasaba za wakuu, na lugha. Na shahidi wa mwisho ndiye anenaye juu ya watu wa chini, ambao hawakuachiwa hekalu wala joho. Kamakau aeleza kwamba watoto wa maka'āinana walifundishwa majina ya baba, mama, babu na bibi zao, basi. Nasaba ndefu ilikuwa mali ya ali'i, na walikuwapo watu maalumu wa kuihifadhi kwa moyo. Mtu wa pwani yetu aijuaye thamani ya nasaba ataona uzito wa jambo hili. Asiyeweza kutaja babu wa babu yake hawezi kudai shamba kwa haki ya babu huyo, wala hawezi kuonyesha kwamba yeye na mkuu wake ni matawi ya shina moja. Kodi humchukulia mtu mavuno ya mwaka. Lakini amri hii ilimchukulia hoja ambayo kwayo angeweza kuipinga kodi.

Kila mwaka, majira ya mvua yalipoanza, vita vilikatazwa kwa miezi minne, na sanamu ya mungu Lono, iliyotundikwa vitambaa vyeupe vya magome ya miti, ilichukuliwa kuzunguka kisiwa. Mpakani mwa kila ahupua'a ilisimama mbele ya madhabahu, watu wakaleta nguruwe, mbwa, nguo, manyoya na chakula. Vikitosha, mtaa ulifunguliwa na michezo ikaanza. Visipotosha, mtaa uliporwa. Hapana shaka sikukuu hiyo ilikuwa ya furaha kweli. Asili yake ni malimbuko ambayo ukoo ulimpelekea mkuu wake, kama Firth alivyoyaona Tikopia, ambako ariki huyapokea na sehemu kubwa huirudisha kwa karamu. Hawaii sehemu iliyorudi kwa mkulima ilikuwa ndogo. Nyingine ilikaa kwa mfalme, wakuu na askari. Ibada ilibaki na sura ya udugu baada ya udugu wenyewe kuondoka, na huenda ndiyo maana mabadiliko haya yaliweza kupita katika vizazi vichache pasipo watu kusema kwamba wametawaliwa.

Miiko ya wakuu ilifutwa na wakuu wenyewe mwaka 1819, muda mfupi baada ya kifo cha Kamehameha, na mahekalu yakachomwa. Mwaka 1848 ardhi ya visiwa vyote iligawanywa kati ya mfalme, serikali na ali'i, na sheria ya mwaka 1850 ikawapa maka'āinana ruhusa ya kumiliki viwanja walivyokuwa wakivilima, kila mmoja kwa kuleta mashahidi na kupimiwa. Walipata eka zisizofika 29,000 kati ya eka milioni nne, chini ya moja kwa mia.